Njia ya baiskeli ipimwe kwa upana wa guta

Mzigo wa vitunguu, mitumba au dagaa unaovuka Busia, Namanga au Mutukula huhesabiwa sana ukiwa juu ya lori. Takwimu za biashara ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaishia hapo. Mfanyabiashara, hata hivyo, anajua kwamba lori halifiki kibandani. Likishashusha stoo au pembeni mwa soko, mzigo unapanda guta, mkokoteni au keria ya baiskeli, na kilomita tatu au tano za mwisho zinaweza kumla faida aliyoihesabu tangu alipotoka mpakani.

Kwa hiyo msomaji akiona leo naandika juu ya njia za baiskeli mijini, asidhani nimehamia ukurasa wa michezo. Njia hizi zinazungumzwa kana kwamba ni mambo ya afya, ya mazingira, ya wageni wenye kofia ngumu na suruali za kubana. Ukisimama dakika kumi pembeni mwa Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, utaona kwamba wanaozitumia kwa wingi ni watu wenye mzigo. Na tatizo lao kubwa halitajwi sana katika hotuba za uzinduzi: njia ni moja, nyembamba, na kila anayepita ana mwendo wake.

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua kipande cha kilomita 5. Mwenye guta lililojaa, akienda kilomita 8 kwa saa, atatumia kama dakika 37. Mwenye baiskeli ya kawaida anayekwenda kilomita 16 kwa saa atatumia dakika 19. Mwenye baiskeli ya umeme ya kilomita 25 kwa saa, dakika 12. Bodaboda aliyekimbia foleni na kupanda humo humo kwa kilomita 40, dakika 8 hazifiki. Mwenda kwa miguu, ambaye naye yumo kwa sababu njia yake imejaa meza za biashara, atatumia saa nzima. Hao wote watano wako kwenye utepe mmoja wa zege au lami. Kila mwenye kasi atalazimika kumpita kila mwenye mwendo wa pole, na ajali nyingi za njia hizi zinazaliwa katika tendo hilo la kupita.

Kishindo chenyewe nacho hakipandi kama watu wanavyodhani. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo maana baiskeli mbili zikigongana wahusika huinuka, wakatukanana, wakaendelea na safari. Pikipiki ikimgonga mwenye baiskeli ni habari nyingine.

Mradi wa mabasi yaendayo haraka wa Dar es Salaam, awamu ya kwanza, ulianza kutoa huduma mwaka 2016 ukiwa na urefu wa kilomita 20.9, na pembeni yake ikawekwa njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu. Jiji lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, na lilistahili. Nairobi ilitunga sera yake ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015. Kampala ilijenga kipande cha mfano kwenye Namirembe Road na Luwum Street. Kigali ina siku zake za barabara bila magari tangu 2016. Siwezi kusema serikali zetu zimelala. Ninachosema ni kwamba zilijenga njia, zikasahau kuwaambia watu namna ya kuigawana.

Waendeshaji wakajigawia wenyewe. Mwenye kengele anapiga kengele. Mwenye guta anapiga mluzi au anapaza sauti. Hamali wa Mombasa na Unguja walikuwa na neno lao tangu zamani, "habedari" na "simile", na mtu aliyelelewa mji wa vichochoro alijua akisikia hivyo anabana ukutani bila kuuliza. Ile ilikuwa sheria ya barabara kamili: mwenye mzigo hawezi kusimama ghafla, basi asiye na mzigo ampishe. Haikuhitaji askari. Lakini ilifanya kazi kwa sababu aliyekuja nyuma yako alikuwa na mwendo wa miguu ya binadamu, na uliweza kumsikia. Leo anayekuja nyuma anaweza kuwa na pikipiki ya umeme, nzito na ya haraka, isiyotoa hata mlio. Pikipiki hizi zinaongezeka Nairobi na Kigali, na ninazishangilia kwa ajili ya mapafu yetu, lakini aliyezoea kumtambua bodaboda kwa ngurumo sasa anatambua akiwa ameshapitwa.

Hapa nitasema jambo ambalo rafiki zangu wa bodaboda hawatalipenda. Injini itoke kwenye njia ya baiskeli. Yote, ya petroli na ya umeme, isipokuwa ile ndogo ya kumsaidia mtu anayekanyaga mwenyewe. Najua kwa nini wanaingia: barabara kuu inaua, malori hayawaoni, na daladala au matatu hugeuza bila ishara. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini hatari ile haipungui bodaboda anapoingia njiani. Anamhamishia mwenye guta na mtoto wa shule, ambao hawana pa kuihamishia. Dai la bodaboda kutaka usalama lipelekwe panapostahili, kwenye mwendo wa magari.

Historia nayo ina kejeli yake. Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, na lilizaliwa kwenye baiskeli. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na mwendo wa kutosha kumchosha mtu mwenye mzigo, vijana wakaweka kiti juu ya keria na kuita abiria "boda, boda", kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina na kazi. Sasa zinataka kurithi na njia.

Wenzetu wa Ulaya, ambao watu hupenda kuwataja kana kwamba kwao baiskeli zinajiongoza zenyewe, walipata tatizo hili hili. Amsterdam iliruhusu kwa miaka mingi vipikipiki vidogo, ambavyo kisheria havikupaswa kuzidi kilomita 25 kwa saa, kutumia njia za baiskeli. Vilizidi, kama ambavyo kila mtu alijua vingezidi. Aprili 2019 jiji likavitoa na kuvipeleka barabarani pamoja na magari katika eneo kubwa la ndani ya barabara ya mzunguko, na waendeshaji wakatakiwa kuvaa helmeti. Baiskeli za umeme zenye uwezo wa kufika kilomita 45 kwa saa nazo zilishahesabiwa kuwa chombo cha barabara. Umoja wa Ulaya kwa ujumla una mstari: injini isiyozidi wati 250, inayosaidia mtu anapokanyaga tu, na inayoacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa, hiyo ni baiskeli. Zaidi ya hapo ni kitu kingine.

Sisi hatuna mstari wa namna hiyo kwa Jumuiya nzima, na ndiyo maana mfanyabiashara anayenunua chombo cha umeme cha magurudumu matatu Nairobi ili akakitumie Arusha hajui akikivusha kitaitwa baiskeli, pikipiki au bajaji. Jina hilo linaamua mambo mengi: ushuru, usajili, bima, leseni, na njia atakayopita. Ofisa wa forodha ataamua kwa macho. Trafiki wa mjini naye ataamua kwa macho yake, si lazima yafanane.

Copenhagen ilifanya kitu ninachokipenda zaidi kuliko faini. Katika barabara ya Nørrebrogade taa za barabarani zilipangwa zifuatane kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Ukienda na mwendo huo, taa zinakukuta kijani moja baada ya nyingine. Ukikimbia sana unasimama kwenye kila moja. Mwenye haraka anajifunza mwenyewe kwamba haraka yake haina faida. Mji huo pia uliamua kwamba njia zake kubwa zinatakiwa kuwa na nafasi ya watu watatu upande mmoja: wawili wakienda sambamba na wa tatu akipita. Huko kuna baiskeli za mizigo zenye sanduku mbele, za kubebea watoto na bidhaa, na upana wa njia unazihesabu hizo pia.

Kwetu upana unahesabiwa kwa kipimo gani? Usukani wa baiskeli ya kawaida una kama sentimeta 60 au 70. Guta lina zaidi ya mita moja, na likipakiwa magunia ya mkaa au matenga ya nyanya linapanuka zaidi. Kwenye njia ya mita mbili, guta na baiskeli vikikaa sambamba hakuna nafasi ya kupumua. Mwenye baiskeli ana chaguo mbili: akae nyuma ya guta hadi mwisho wa safari, au achepuke kwenye barabara ya magari ampite huko. Kila mtu anajua anachagua lipi. Ndiyo maana nasema mhandisi anapochora njia aweke guta kwenye mchoro, si baiskeli ya mbio. Guta likiwa na nafasi ya kupitwa, wengine wote watakuwa nayo.

Kuna vitu vingine vidogo vinavyotia hasira. Nguzo fupi za zege zinazowekwa mwanzoni mwa njia ili kuzuia magari, mara nyingi zimekaribiana kiasi kwamba guta halipiti, wala baiskeli ya magurudumu matatu ya mtu mwenye ulemavu. Pikipiki inapita vizuri kabisa. Yaani kizuizi kinamruhusu asiyetakiwa na kumzuia mwenyewe. Kingo zinazokatika ghafla bila mteremko nazo ni hivyo hivyo. Mwenye mzigo wa mayai atakueleza. Wafanyabiashara wa Busia na wa Goma na Gisenyi wanajua jinsi watu wenye ulemavu wanavyobeba mizigo kwa baiskeli zao za kuzungushwa kwa mkono. Wengi wamejenga maisha yao na nyumba zao kwa kazi hiyo. Mtu anayesukuma gari lake kwa nguvu za mikono hawezi kurudi nyuma mita 50 kutafuta pa kupitia.

Jambo jingine ni watu kwenda kinyume. Njia imechorwa ya upande mmoja, lakini utakuta wanakuja kutoka mbele. Trafiki akiwaona anawaita wakaidi. Nenda ukaone mahali pa kuvukia barabara palipo: wakati mwingine ni mbali kiasi kwamba mwenye guta angelazimika kuongeza nusu saa ili akajipange upande sahihi. Mtu mwenye magunia manne hafanyi hivyo, na mimi nisingefanya. Panapokuwa na vivuko vya karibu, wanaokwenda kinyume watapungua bila kukamatwa.

Nikija kwenye utaratibu wenyewe wa kupishana, napendekeza uwe mwepesi kiasi cha kuchorwa kwenye lami bila maneno. Mwenye mwendo wa pole akae upande wa nje, mbali na magari. Anayepita apite upande wa ndani, apige kengele au atoe sauti kwanza, na asirudi upande wa nje kabla hajamwacha mwenzake vizuri. Mchoro wa guta upande mmoja, mchoro wa baiskeli upande mwingine. Mkirundi, Mganda na Mkongo wote watauelewa.

Lakini hapo ndipo ukanda wetu unapokuja na mtego wake. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia wanaendesha kulia. Nchi tatu kwa tano, ndani ya Jumuiya moja. Dereva wa lori anayevuka Rusumo anajua kubadili upande, kuna alama na mpangilio wa barabara unaomgeuza. Mwenye baiskeli anayevuka Kabanga kwenda Kobero, au Katuna kwenda Gatuna, au Mpondwe kwenda Kasindi, mara nyingi hana anayemwambia, na yeye si mtu aliyepitia shule ya udereva. Alichojifunza ni desturi ya kwao: ukisikia kengele nyuma, bana kushoto. Akifika ng'ambo akabana kushoto, amejiweka mbele ya anayetaka kumpita. Ubao mmoja mkubwa wenye mchoro kwenye kila kituo cha pamoja cha forodha, upande wa njia ya miguu na si ule wa malori, ungegharimu kidogo sana.

Goma wana mfano wa kutufundisha sote. Chukudu, ile skuta ya mbao yenye magurudumu mawili inayobeba mamia ya kilo, ni chombo cha mji huo hasa, hata kimejengewa sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Kikiteremka mlima kikiwa na viazi na mkaa hakisimamiki kirahisi, na watu wa Goma wanajua: chukudu ikiteremka, pisha. Hakuna anayeiambia ipunguze mwendo mahali isipoweza. Utaratibu mzuri wa njia unaanza na kujua nani anaweza kusimama na nani hawezi.

Kuna njia ya mkato ambayo viongozi wa miji huipenda, nayo ni marufuku. Machi 2022 serikali ya Burundi ilizuia pikipiki, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya Bujumbura, kwa sababu za usalama barabarani. Sidharau sababu hiyo. Ajali zilikuwa za kweli. Lakini marufuku ilichanganya chombo kinachoua na chombo kinachouawa katika sentensi moja. Aliyekuwa akipeleka matunda kwa baiskeli alilazimika kushusha mzigo ukingoni mwa eneo lililofungwa na kulipa mtu mwingine aumalizie. Mwenye gari hakulazimika. Kila ninaposikia diwani wa mji wowote akisema maguta na mikokoteni "yanaharibu sura ya jiji", ninajua nini kitafuata, na ninajua gharama itaishia kwenye bei ya fungu la nyanya.

Wapo watakaosema sheria zote hizi zitaishia kuwa mtaji wa mgambo. Hofu hiyo ninaielewa kuliko zote. Mfanyabiashara mdogo amekwisha kulipia vya kutosha barabarani bila risiti. Ndiyo sababu nimeweka upana, vivuko, michoro na nafasi ya nguzo mbele ya faini. Njia iliyojengwa vizuri haimpi mtu nafasi ya kukusimamisha. Kikomo cha mwendo pekee, bila njia pana, kitakuwa kibao tu cha kumsaidia askari kutafuta chai, tena kwa baiskeli zisizo hata na kipima mwendo.

Lakini tusijifanye malaika nasi. Guta lisilo na taa wala kiakisi saa moja jioni ni mtego kwa mwenye guta na kwa anayemfuata. Breki za baadhi ya maguta ni soli ya kandambili. Mzigo unafungwa hadi mwendeshaji haoni pembeni, na tajiri wa mzigo ndiye anayesukuma uwe hivyo, ili alipe safari moja badala ya mbili. Vyama vya wafanyabiashara vinavyoweza kukubaliana bei ya kupakia gunia vinaweza pia kukubaliana kwamba guta lisilo na breki na kengele halipakiwi stoo. Ukanda wa kiakisi ni rahisi kuliko gunia lililomwagika, na mwenye stoo anaweza kuuza nao pale pale.

Jumuiya yetu ina sheria ya kudhibiti uzito wa magari, ile ya mwaka 2016, inayosema lori lisizidi tani 56 na kueleza mpaka uzito wa kila ekseli. Sheria hiyo ilipiganiwa miaka mingi na ina maana, kwa sababu barabara moja inapita nchi nyingi. Mzigo ule ule ukishuka kwenye lori ukapanda guta, hakuna tena neno hata moja la pamoja: si upana wa chombo, si taa, si kipi ni baiskeli ya umeme na kipi si baiskeli, si upande wa kupitia. Kila manispaa inajitungia, au haitungi.

Wakati wa kuzungumza ni sasa, kwa sababu michoro inaendelea. Dar es Salaam inaongeza awamu za mabasi yaendayo haraka kwenye barabara zake nyingine kuu, na Nairobi ina mipango yake. Miradi ya aina hii ikipata fedha za Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika hulazimika kuwasikiliza wanaoathirika kabla ya ujenzi. Mikutano hiyo hutangazwa, hukaa kwenye kumbi za manispaa, na mara nyingi wanaohudhuria ni wenye nyumba wanaouliza fidia. Viongozi wa masoko ya Kariakoo, Gikomba na Owino wakipata barua ya mwaliko, waende na mwenye guta mmoja, guta likiwa limepakiwa, na futi ya kupimia. Mhandisi aulizwe hapo hapo: hili litapita wapi, na anayelifuata atalipita vipi?